Breki Tuliyoifanya Mafuta

Ayikoru mwanangu,

Kwa heshima na taadhima natangaza, mbele ya wakazi wote wa duka hili, yaani mimi, redio ambazo wenyewe wamezisahau, na mjusi wa ukutani, kwamba leo alasiri gari la kijani limetawazwa kuwa bingwa wa kudumu wa meza yetu. Mashindano yalikuwa huru na ya haki. Bingwa hakuwa na dereva.

Ilikuwa hivi. Wewe umekwenda Ayivu kuwaaga shangazi zako, na mimi nimebaki na meza. Nikachukua mkono wako wa kushoto, ule wa kuendeshea gari la kijani, nikaufinya kidogo tu na kuufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Gari likaanza kuzunguka lenyewe, polepole, kama mtu anayekwenda kanisani mapema. Mimi nikashika mkono wangu wa kulia nikalifukuza kwa lile jekundu. Mbio nilikuwa nazo. Lakini nikifika ile kona ya karibu na dirisha naruka nje, nainama kulitafuta gari chini ya kabati, nalirudisha kwenye mfereji wake, na huku lile la kijani linapita bila hata kunisalimu. Limenishinda vibaya, na halikucheka. Hilo la kutocheka ndilo lililoniuma.

Basi nimekaa kuandika. Kesho asubuhi unakwenda Koboko kuishi na mama yako na kufunga sola za watu huko Lurujo. Habari za chandarua, maji ya kunywa na wanaume wenye pikipiki mpya sitaziandika. Mama yako atakuambia zote kabla hujatua begi. Mimi nitaandika juu ya kitu kimoja ninachokijua kuliko yeye, nacho ni jinsi ya kujitengenezea mkono wa gari la mezani. Ukisimulia huko watakuuliza, na sitaki ueleze vibaya.

Anza kwa kuwaambia kwamba si gari la rimoti. Ni barabara ya plastiki, inaungwa vipande vipande juu ya meza, na ina mifereji miwili. Kila gari lina ulimi mdogo chini ya pua unaoingia kwenye mfereji wake, na pembeni mwa mfereji kuna reli mbili nyembamba za chuma zinazolipa gari umeme. Dereva hageuzi usukani. Kazi yake ni moja tu, kuamua umeme uwe mwingi au kidogo. Ukiwa mwingi kwenye kona, gari linatoka mferejini na kwenda kwa majirani. Kile anachoshika dereva mkononi kuamua umeme, wenyewe wanakiita kontrola. Sisi tulikiita mkono, kwa sababu ulipokiona mara ya kwanza ulisema kinafanana na mkono uliokatwa.

Boksi lenyewe unakumbuka lilivyokuja. Bruda mmoja wa misheni, wa upande wa Ombaci, aliyekuwa akiniletea redio yake kila mvua zikianza, alihamishwa. Akagawa vitu. Wenzangu wakapata viti na sufuria. Mimi akaniambia, "Fundi, wewe peke yako ndiye utakayejua hii ni nini." Sikujua. Barabara ilikuwamo, magari mawili yalikuwamo, mikono mizima haikuwamo. Panya walikuwa wamekula waya, na kilichobaki ndani ya ile mikono ya kiwandani kilikuwa kimeungua kuwa mkaa. Nikashukuru kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Kwa nini nililipokea sikukuambia. Mama yako alikuwa amekwenda kwao Lurujo kumuuguza bibi yako, wewe ulikuwa darasa la tatu, na kila jioni ulikuwa ukiniuliza swali moja: atarudi lini. Nikaona nikikupa kitu cha kuzunguka utasahau kuuliza. Ukweli ni huo. Watu wanadhani nilitengeneza mikono ile kwa kupenda ufundi.

Kosa la kwanza nililifanya kwa sababu ya ujuzi wangu, na makosa ya namna hiyo huchukua muda mrefu kuonekana. Nilijisemea: kupandisha na kushusha umeme, hiyo si volyumu? Nimetengeneza volyumu maisha yangu yote. Nikang'oa moja kwenye redio iliyokufa, nikaiunganisha na transista kubwa ya ampu, ile mashine ya kukuza sauti, nikafunga betri ya sola, nikakuita uzungushe. Ukazungusha. Gari kimya. Ukazungusha. Kimya. Ukazungusha kidogo tena, gari likaondoka kama limepigwa teke.

"Baba, gari iko lala, iko lala, halafu naruka," ukasema.

Nilibadilisha transista. Nilibadilisha betri. Nililaumu gari, nikamlaumu bruda, nikalaumu reli kwa kutu ambayo haikuwapo. Ilinichukua siku nyingi kukumbuka jambo ambalo hata mwanafunzi wangu wa kwanza nilimfundisha: volyumu ya redio haipandi sawasawa. Imetengenezwa ipande taratibu sana mwanzoni na ghafla mwishoni, kwa sababu ndivyo sikio la binadamu linavyosikia. Gari halina masikio. Nilikuwa nimelitendea kama msikilizaji.

Ndipo nikaingia kwenye ile stereo kubwa ya marehemu mjomba, yenye safu ya vitufe vya kupanda na kushuka vya kupanga besi na sauti nyembamba. Hivyo vinakwenda sawasawa toka chini mpaka juu. Nikang'oa viwili. Hapo ndipo nilipohitaji kitu cha kuvivuta kwa kidole, na hapo ndipo aibu kubwa ya familia yetu ilipozaliwa.

Nilikuwa na baiskeli iliyovunjika fremu. Nikaitazama. Ilikuwa na mikono miwili ya breki, kushoto na kulia, waya wake na springi zake, vyote vizima. Ukifinya, waya unavuta. Ukiachilia, springi inarudisha. Nikafunga waya wa breki kwenye kitufe cha stereo na kazi ikaisha jioni moja. Ukifinya, gari linakwenda. Ukifinya zaidi, linakimbia, kama dereva anayekanyaga mafuta. Wewe ukachukua wa kushoto, mimi wa kulia. Nikasimama nikaiangalia kama mtu aliyejenga daraja.

Haikunijia kwamba kila mtu mwenye mikono katika wilaya hii amekulia juu ya baiskeli, na kwamba mikono hiyo inajua jambo moja kuhusu kile chuma: ukiogopa, finya.

Papa Kasereka ndiye aliyetufungua macho, yule Mkongomani wa vitenge wa mlango wa pili. Aliingia na kikombe chake cha chai akaomba naye ajaribu. Gari likaenda vizuri mpaka kona. Akaiona kona. Akafinya. Gari likaruka, likapita juu ya meza, likagonga kikombe.

"Achilia, Papa! Achilia!" ukapiga kelele.

"Naachilia namna gani na kona iko karibu!"

Akajaribu tena. Akafinya tena, na safari hii alifinya mpaka meno yakaonekana. Gari tukaliokota mlangoni.

"Mzee," akaniambia akijipangusa chai, "mutu gani natengeneza breki ya kukimbiza? Kwetu hata mulozi hawezi fanya hivi."

Nilimjibu kwamba ni suala la mazoezi. Kwako ilikuwa kweli. Wewe ulizoea haraka, kuliko nilivyotaka. Mwezi haukupita, mama mmoja wa Ayivu akaja dukani akisukuma baiskeli ya shangazi yako, wewe nyuma yake umejaa unga mweupe kichwani kama mtu aliyezeeka njiani. Ulikuwa umeteremka mlima, ukaona watu mbele, na kwa akili ya meza yetu ukaachilia breki ili usimame. Ulisimama kwenye mihogo yake aliyoianika.

"Mzee, hii mtoto yako naachilia breki kwa mlima! Iko na akili kweli?"

"Iko nayo," nikasema. "Mimi ndiye sina."

"Basi mihogo yangu utaanua wewe," akasema, na nikaenda kuianua, na ndiyo siku pekee waliyonisifu shangazi zako. Wewe ulikuwa unacheka kule nyuma ukidhani sikuoni. Tuliporudi ulitaka tubadilishe ile mikono. Nikakataa. Nilisema sina vifaa vingine. Kusema kweli nilikuwa nimependa kwamba katika Arua yote kulikuwa na watu wawili tu walioweza kuendesha magari yale.

Sasa, breki yenyewe. Sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wa Koboko watakapokubishia.

Mikono yetu ya kwanza ilikuwa na waya mbili tu. Umeme unaingia, umeme unatoka. Nilijiambia: ukiachilia, umeme hauendi, na gari lisilo na umeme litasimama. Linasimama, ndiyo, likishamaliza hasira zake. Linateleza kwa mwendo uleule lilioupata, linaingia kona likiwa halina mtu wa kulizuia, linatoka. Wewe ulikuwa ukiachilia mapema, mapema zaidi, mpaka ukawa unaanza kuogopa kona ukiwa bado upande wa pili wa meza. Nilikuwa nakuambia, "Mwendo mzuri huo, dereva makini." Haukuwa umakini. Nilikuwa nimekupa gari lisiloshikika.

Aliyegundua tiba ni wewe, na ninaiandika hapa ili usije ukaniachia sifa zako kwa heshima. Ulikuwa umelipindua lile jekundu tumbo juu, unazungusha gurudumu kwa kidole bila sababu, kama mtoto yeyote. Zile waya mbili za mota zilikuwa nje. Zikagusana.

"Baba, imekataa."

"Nini imekataa?"

"Gurudumu. Waya ikigusana, nakataa kuzunguka. Ikiachana, nakubali."

Nikakunyang'anya gari. Nikazungusha: laini. Nikagusanisha waya: zito, kama limetiwa kwenye uji. Hakukuwa na betri mahali popote. Mota ikizungushwa inatengeneza umeme wake yenyewe, na ukiupa umeme huo njia ya kurudi nyumbani, unageuka na kuishika mota ileile. Ukikata waya, umeme huo hauna pa kwenda, na gari linateleza tu. Nimefungua mota tangu kabla hujazaliwa na sikuwa nimeliona hilo, kwa sababu sikuwahi kuchezea mota bila kuwa na kazi nayo.

Kwa hiyo mkono unahitaji waya wa tatu. Kitufe kikirudi mwisho kabisa, kinagusa kile kipande cha shaba nilichokipinda, na kipande hicho kinaunganisha reli mbili za gari. Weka nafasi ndogo kati ya umeme kukatika na reli kuungana. Mimi mara ya kwanza sikuiweka. Nikaunganisha reli huku betri bado inasukuma, waya ukawa mwekundu, ngozi yake ikayeyuka juu ya meza, na alama yake iko pale karibu na unapowekaga kikombe. Weka na fyuzi. Weka daiodi mgongoni mwa mota, la sivyo mota itarudisha teke la umeme na kuua transista. Niliua kadhaa kabla ya kukubali kwamba kosa halikuwa la waliozitengeneza. Na usitumie transista ya ampu, inapata moto kama jiko. Ile yenye nguvu tuliyoitoa kwenye inveta iliyokufa ndiyo nzuri, pamoja na kile kisaa, kichipu cha miguu minane, kinachowasha na kuzima umeme upesi upesi mpaka gari linaamini ni umeme mmoja usiokatika. Transista ifunge kwenye bati ipumue.

Siku tulipomaliza waya wa tatu, uliingia kona ile ya dirishani kwa mwendo ulionifanya nifumbe macho. Ukaachilia. Gari likajishika, likapinda, likatoka upande wa pili likiwa zima. Nikaenda nje kuangalia mvua, ingawa haikuwa ikinyesha.

Sitamfananisha mama yako na mota. Akisikia atanipiga, na atakuwa na haki. Lakini umri wako sasa unaruhusu tuzungumze juu ya jambo ambalo hata mbuzi wa Lurujo wanalijua.

Bibi yako alipofariki kule Lurujo, wewe ulikuwa umeshatangulia na shangazi yako. Mimi nilikuwa nifuate na watu wangu. Unajua kule kwao, mkwe hatakiwi kufanya mengi: aonekane, akae pale wanapokaa wakwe, anyamaze, aangaliwe. Asubuhi ile wakaja watu wa Ombaci na ampu ya spika za matanga yao. Wakasema, "Fundi, bila hii padri hatasikika." Nikasema naimaliza nakwenda. Nikaimaliza, ikazimika. Nikaifungua tena. Watu wangu wakasubiri, wakachoka, wakaenda makwao. Marehemu wa Ombaci, ambaye sikumjua, alizikwa kwa sauti safi kabisa.

Mama yako hakunitukana. Nilipompigia alisema, "Walikuulizia. Nikasema iko njiani." Basi. Na mpaka leo kwa wakwe zangu mimi ni mtu aliye njiani.

Nilidhani nikinyamaza jambo litapoa lenyewe, aone haya zangu, arudi. Sikutuma mtu. Sikupeleka kile kinachopelekwa na mkwe aliyekosa msiba. Yeye akafungua kibanda chake sokoni Koboko, akawa anakuchukua likizo na kukurudisha shule zikifunguliwa, na mimi nikawa mtu wa kukusindikiza mpaka paki ya taksi. Ninaijua paki ile vizuri sana. Nawajua makondakta wa gari za Koboko kwa majina, na wao wananijua kama mzee asiyepanda. Kila mwaka niliokaa bila kwenda uliifanya haya iwe nzito kuliko ule wa kabla yake, na mimi nikazidi kufinya kazi. Redio za watu hazikuwahi kutengenezwa vizuri kama miaka ile. Nenda uwaulize.

Jumapili tulikuwa tunalehemu swichi tuliyoletewa na kanisa, ukaniuliza ukiwa umeinama, "Baba, wewe utakuja Koboko?"

Nikasema, "Nipe risasi."

Ukanipa risasi ya kulehemia. Nikalehemu sehemu ambayo ilikuwa imeshalehemiwa. Hukuuliza tena, na toka siku ile umekuwa ukinisemesha kwa adabu, kama mteja. Nimeishi na redio zinazoongea zote pamoja mchana kutwa na sikuwahi kuona nyumba ikiwa kimya namna hii.

Sasa nimezizima zote ili niandike, na nasikia kitu kimoja tu. Lile la kijani bado linazunguka, kwa sababu sikufungua ule mpira. Linapita kona ya dirishani, linapita mbele yangu, linakwenda, linarudi. Halikosei. Halinisumbui na swali lolote. Nilipolitengeneza lile jambo mchana nilikuwa najaribu kuona kama mtu anaweza kucheza mchezo huu peke yake. Anaweza. Nimejaribu, nimeona, na sipendi hata mtu mwingine ajue ladha yake.

Swali lako nimelikalia toka Jumapili, na nimekuwa nikitafuta jibu la kufaa kuandikwa. Nilitaka kuandika kwamba mama yako hajaniita, lakini jana kwa simu, alipokuwa akiniuliza utafika na gari gani, alisema kaka zake wako hai bado na hawajasahau kuhesabu wageni. Mwanamke wa Kikakwa kama yeye hawezi kumwita mtu kwa wazi zaidi ya hapo. Nilitaka kuandika kwamba nikienda itabidi nisimame mbele ya watu wale na kusema kwa mdomo wangu mwenyewe kilichonichelewesha, na kwamba wataniuliza ilikuwa ampu ya nani. Wataniuliza kweli. Nimelifikiria jibu na halipo lisilochekesha. Nilitaka pia kusingizia barabara, nikakumbuka imetiwa lami yote.

Mpaka Koboko ni mwendo wa kama saa moja, na safari hii nitapanda.

Baba yako